Makaa ya Ngaka, umeme wa Mbinga: safi kwa uchafu upi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mbinga. Kila siku malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita karibu na shule yetu, mengine yakielekea viwanda vya saruji, mengine bandari ya Mtwara. Huku kwetu umeme unakatika mara mbili tatu kwa wiki. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza jambo nikashindwa kulijibu: kwa nini serikali isitunge sheria au itoe motisha ili mitambo ya umeme itumie makaa yetu wenyewe, kwa hiyo teknolojia safi tunayoisikia ya Marekani na China? Na teknolojia hiyo ipo kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Jibu: Mwalimu, nianze na kipande cha mwisho cha swali lako. Teknolojia ipo. Nimeshika boila, yaani matanuru ya kuchemshia maji yawe mvuke, kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingi zikiwa za viwandani, na sijapata kuona boila iliyo safi tu hivi hivi. Nimeona boila zilizoondolewa uchafu fulani kwa gharama fulani. Kwa hiyo mtu akikutajia "makaa safi", muulize kwanza: safi kwa uchafu upi?

Makaa yakiungua hutoa vitu vinne vinavyosumbua. Kuna majivu, mazito yakibaki chini ya tanuru na mepesi yakipanda na moshi. Kuna gesi ya salfa, inayokereketa mapafu na kuleta mvua ya tindikali. Kuna oksidi za nitrojeni. Na kuna hewa ukaa. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Vumbi hunaswa kwa sahani zenye chaji ya umeme au kwa mifuko mirefu ya kitambaa, na mtambo unaotunzwa vizuri hunasa zaidi ya asilimia 99. Salfa huoshwa kwa tope la chokaa ndani ya mnara mkubwa, na kinachotoka chini ni jasi, ile ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu. Nitrojeni hudhibitiwa kwa kupanga vizuri hewa ya moto na kwa kunyunyiza amonia kwenye moshi. Hewa ukaa nitaiweka kiporo kidogo, maana ndiyo inayowashinda wengi.

Hiyo sifa ya Marekani mnayoisikia kwa sehemu kubwa ilihusu salfa, na chanzo chake kinafanana sana na swali la wanafunzi wako. Jimbo la Illinois lina makaa mengi, lakini yenye salfa nyingi, asilimia 3 hivi. Mwaka 1990 sheria ya taifa ya hewa safi ilibana salfa, na makampuni ya umeme yakapewa uhuru wa kuchagua njia: ama wajenge minara ya kuoshea moshi, ama wanunue makaa yenye salfa kidogo. Wengi walipiga hesabu wakaona ni nafuu kuleta makaa ya Wyoming kwa treni, zaidi ya kilomita elfu moja, kuliko kujenga mnara ili wachome ya nyumbani. Wachimbaji wa Illinois wakalia. Mwaka 1991 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwasukuma wenye mitambo mikubwa wafunge minara hiyo na waendelee na makaa ya jimbo, huku gharama ikiingizwa kwenye bili za wateja. Ndicho hicho hicho vijana wako wanachokiomba.

Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaifuta, kwa hoja kwamba jimbo haliwezi kubagua bidhaa ya jimbo jingine. Indiana, jirani yao, ilikuwa na sheria kama hiyo nayo ikafutwa mwaka huo huo. Oklahoma iliyowataka wenye mitambo wachanganye angalau asilimia 10 ya makaa ya nyumbani ilikuwa imeshashindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1992. Uzalishaji wa Illinois ulipungua kwa karibu nusu katika muongo ule.

Sisi ni nchi moja, utasema, na hatuna Wyoming ya kutushtaki. Sawa. Lakini amri tumeshaijaribu. Agosti 2016 serikali ilipiga marufuku kuingiza makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikaelekezwa Ngaka. Kwa mgodi ilikuwa neema, na lazima tukiri kwamba soko la ndani lilikua kwa sababu ya amri ile. Kwa wenye viwanda yakaja malalamiko ya bei, ya uhakika wa mzigo, na ya makaa kubadilika ubora kutoka lori moja hadi jingine. Kiwanda cha Dangote pale Mtwara, kilichokuwa kikitumia makaa ya Afrika Kusini, hatimaye kiligeukia gesi asilia iliyo jirani yake. Mteja unayemlazimisha hukaa mpaka apate mlango wa nyuma. Kiwanda cha saruji mlango huo kinao, kwa sababu tanuru lake linaweza kubadilishiwa mafuta. Boila ya kawaida ya kuzalisha umeme haina. Ikishasanifiwa kwa makaa ya mgodi fulani, ubora ukiyumba inaziba, inatoboka, inazima.

Sasa tuje kwenye makaa yetu. Ngaka, Mchuchuma na Kiwira ni ya zama za Karoo, ukoo mmoja na ya Afrika Kusini, Botswana, Zambia na India. Tabia ya ukoo huo ni salfa kidogo na majivu mengi. Unaona basi kwamba mashine ya kifahari waliyoipigania Illinois si ndiyo tunayoihitaji zaidi. Tatizo letu la kwanza ni vumbi na mlima wa majivu. Nimewahi kukaa kikao ambako muuzaji alituonyesha picha za mnara wa kuoshea salfa kwa nusu saa nzima, mnara mzuri kweli, na nilipomuuliza bwawa la majivu litakaa wapi akafungua ukurasa uliokuwa mtupu. Tuliagana kwa heshima.

Kwa makaa ya namna hii kuna aina ya boila inayofaa sana, boila ya kitanda. Badala ya kusaga makaa kuwa unga na kuupuliza kwenye mwali, makaa hupondwa yawe kama kokoto ndogo, yakachanganywa na mchanga na chokaa, kisha upepo mkali hupulizwa kutoka chini mpaka mchanganyiko wote unatokota kama uji wa moto. Joto hubaki nyuzi 850 hivi, wakati tanuru la unga hupita 1,300. Kwenye joto hilo la chini chokaa hunasa salfa humo humo tanuruni, na nitrojeni ya hewa haipati moto wa kutosha kuleta madhara makubwa. Boila hiyo haichagui sana chakula, hata makaa hafifu ambayo mgodi ungeyatupa inayala. Hiyo kwetu ndiyo teknolojia safi yenye maana, pamoja na mifuko ya kuchuja vumbi mwishoni.

Wala si nadharia ya vitabuni. Nchi mbili za kusini mwetu zimeshaijenga, na nakushauri uwape vijana wako kesi hizo mbili wazilinganishe.

Botswana ilijenga Morupule B, karibu na mji wa Palapye, mlangoni kabisa mwa mgodi wake: vinu vinne vya megawati (MW) 150, jumla MW 600, boila za aina hiyo niliyoieleza, mkandarasi kutoka China, Benki ya Dunia ikisaidia fedha. Ilianza kuwashwa mwaka 2012. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sahihi. Katika uhalisia boila zilivuja na kuharibika tena na tena, miaka ikapita vinu vikizimwa kwa matengenezo, na Botswana ikaendelea kununua umeme Afrika Kusini huku ikimiliki mtambo mpya. Aina ya boila haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kazi: uchomeleaji, usanifu wa sehemu fulani, usimamizi wa mkandarasi. Mtu asiyewahi kuingia ndani ya boila hudhani teknolojia hununuliwa kama friji. Unachonunua ni mabomba yenye maelfu ya viungo vya kuchomelea, na kiungo kimoja kibovu kinatosha kuzima kinu kwa wiki nzima.

Zambia nayo ilijenga Maamba, wilayani Sinazongwe, MW 300, boila za ukoo ule ule, mlangoni mwa mgodi, ikaanza mwaka 2016. Inachoma makaa hafifu ambayo zamani hayakuwa na mnunuzi. Ukame ulipolikausha bwawa la umeme la Kariba mwaka 2024 na Wazambia wakawa wanapata umeme saa chache tu kwa siku, mtambo ule ulikuwa miongoni mwa michache iliyobaki ikifanya kazi. Hapo makaa yalifanya kazi iliyotakiwa, kubisha itakuwa ukaidi. Lakini upande wa pili wa daftari, shirika la umeme la Zambia lilichelewesha malipo hadi deni kwa mtambo huo likafika mamia ya mamilioni ya dola, na suala likapelekwa kwenye usuluhishi.

Umeona nilivyorudia neno "mlangoni mwa mgodi". Tupige hesabu ubaoni, maana hii darasa lako wataipenda. Mtambo wa MW 300 ukifanya kazi kwa asilimia 80 ya muda wa mwaka unazalisha uniti bilioni 2.1. Boila ya kawaida ya ukubwa huo inakula takriban kilo 0.45 za makaa kwa kila uniti. Hizo ni tani 950,000 kwa mwaka. Lori la tani 30 litahitaji safari zaidi ya 31,000, yaani malori 87 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, na mengine 87 yakirudi matupu. Ukiujenga mtambo huo Dar es Salaam au Mtwara, umejenga pia foleni, mashimo ya barabara na dizeli. Ukiujenga Ngaka, makaa yanapanda ukanda wa mpira na kinachosafiri ni umeme kwenye waya. Ndiyo maana, kama kuna kitu kimoja cha kuhimizwa kwa sheria, ni hicho cha kuchoma makaa yanapochimbwa, kuliko kumlazimisha mwenye mtambo wa mbali anunue makaa ya nyumbani.

Lakini malizia hesabu. Tukichukulia majivu ni asilimia 20, una tani 190,000 za majivu kila mwaka, kwa miaka 30. Baadhi yanaweza kuchanganywa kwenye saruji na matofali, yaliyobaki yanahitaji bwawa lililotandikwa chini lisivuje. Mtambo wa kupoza kwa maji hupoteza lita mbili hivi kwa kila uniti, yaani zaidi ya lita bilioni 4 kwa mwaka, katika bonde la Ruhuhu ambalo maji yake humwagikia Ziwa Nyasa. Upo upoezaji kwa hewa unaotumia maji kidogo sana, ila unapunguza ufanisi na unaongeza bei. Haya ndiyo maswali ya kuuliza siku ya mkutano wa hadhara wa tathmini ya mazingira, na mara nyingi hayaulizwi. Watu huulizia ajira na fidia, wanapewa soda, wanaondoka.

Nisipokuambia habari ya mikataba nitakuwa nimekudanganya kwa kunyamaza. Mtu hakopeshwi dola milioni 600 ajenge mtambo bila mnunuzi aliyefungwa kwa mkataba wa miaka 20 au 25, na mkataba huo huwa na malipo ya uwezo: mtambo ukiwa tayari, TANESCO inalipa, iwe imechukua umeme au haikuchukua. Watanzania wa rika langu tulijifunza neno "kapasiti chaji" kabla ya kujua maana ya megawati, kwa sababu ya kampuni binafsi ya umeme ya IPTL pale Tegeta, mkataba wa mwaka 1995, MW 100 za mafuta mazito. Kenya nayo ilitaka kujenga mtambo wa makaa wa MW 1,050 Lamu. Mpango ulikuwa kuanza na makaa ya Afrika Kusini wakati ya Kitui yakisubiriwa, kwa hiyo hata hoja ya "makaa yetu" haikuwepo siku ya kwanza. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta kibali chake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Lamu walioipinga walidharauliwa sana mwanzoni.

Kwa hiyo swali ni hili: je, Tanzania ina mahali pa kuuweka umeme huo kila saa, kila siku, mwaka mzima? Boila ya makaa ni kama tanuri la mwokaji mikate. Ikishapata moto inataka iendelee. Kuiwasha kutoka baridi ni kazi ya saa nyingi, na kuiwasha na kuizima mara kwa mara kunachosha mabomba na kuleta kuvuja kule kule kwa Morupule. Sasa Bwawa la Julius Nyerere limeingia, turbaini tisa, MW 2,115, ya kwanza ikiwashwa Februari 2024. Mwaka huo kilele cha mahitaji ya gridi yote ya taifa hakikufika MW 2,000. Mvua ikiwa nzuri, maji yale hayana bei ya mafuta, na hakuna mwendeshaji wa gridi mwenye akili zake atakayemwaga maji ya bure ili achome makaa ya kununua. Mtambo wa Ngaka utakaa bila kazi. Bili yake haitakaa.

Hapo mtetezi wa makaa atajibu: na ukame je? Tumeshakaa gizani 2006, 2011, na tena mwaka 2022. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wake, na Maamba inamuunga mkono. Jibu langu ni kwamba kwa kazi ya tairi la akiba, gesi inafaa kuliko makaa. Turbaini ya gesi inawashwa kwa dakika, inagharimu kidogo kuijenga, inatoa karibu nusu ya hewa ukaa kwa uniti, na nchi hii ina gesi asilia inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Bomba liko, mitambo ya Kinyerezi iko. Kubeba tairi la akiba lenye uzito wa gari zima si busara.

Makaa yangekuwa na maana palipo na mlaji asiyelala. Na huyo yupo kwenye makaratasi tangu zamani: chuma cha Liganga. Mkataba uliosainiwa mwaka 2011 kati ya shirika la maendeleo la taifa, NDC, na kampuni ya China ya Sichuan Hongda ulifunga vitu viwili pamoja, mgodi wa makaa wa Mchuchuma wenye mtambo wa MW 600, na kiwanda cha chuma Liganga, vyote wilayani Ludewa. Sehemu ya umeme huo ingeyeyusha chuma pale pale. Kihandisi, wazo lile lilikuwa sahihi kuliko mipango mingi niliyoiona: makaa, umeme na mlaji katika wilaya moja. Lilikwama kwenye masharti, motisha za kodi na thamani ya madini mengine yaliyomo kwenye ule mwamba, titani na vanadi. Kwa hiyo ukiniuliza ni mtambo upi wa makaa ningeutetea mbele ya watu, ni ule wa Ludewa, na iwapo tu tanuru la chuma linajengwa siku moja na boila. Boila ikitangulia peke yake, sisaini.

Kuhusu kukatika kwa umeme Mbinga, nisikuache na matumaini ya uongo. Ruvuma kwa sehemu kubwa ilikuwa ikiendeshwa na majenereta ya dizeli mpaka njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018. Tangu hapo umeme wenu unatoka gridi ya taifa, na nchi sasa ina uwezo kuliko mahitaji. Ukiona unakatika wakati mabwawa yamejaa, hitilafu iko kwenye njia za usambazaji: nguzo iliyolala, mti juu ya waya, transfoma iliyozidiwa. Kujenga mtambo wa kuzalisha kilomita chache kutoka kwako hakunyooshi nguzo. Umeme wa Ngaka ungepandishwa kwenye njia kubwa ukaenda zake, kama makaa yanavyokwenda zake sasa, na darasa lako lingeendelea na ile laini ile ile.

Sasa kile kiporo. Hewa ukaa inanasika, wala si hadithi. Kule Saskatchewan, Kanada, kinu kimoja cha Boundary Dam kinachochoma makaa hafifu ya hapo hapo kilianza kunasa hewa ukaa Oktoba 2014. Kinatoa MW 115 hivi, na kazi nzima ya kukikarabati na kukifungia mtambo wa kunasa iligharimu karibu dola bilioni 1.5 za Kanada. Hewa inayonaswa huuzwa kwa wachimba mafuta ya petroli, wanaoisukuma chini ili mafuta yapande. Wenzao wa Mississippi walijaribu kwa namna nyingine katika mtambo wa Kemper: makaa ya jirani yageuzwe gesi kwanza, yasafishwe, ndipo yachomwe. Bajeti ilianza chini ya dola bilioni 3 ikapanda hadi bilioni 7.5. Mwaka 2017 wakaachana na makaa, mtambo ukachoma gesi asilia ya kawaida, na mwaka 2021 ile sehemu ya kugeuza makaa ikabomolewa kwa baruti. Kama tajiri wa namna ile alishindwa na makaa yaliyokuwa uani kwake, sisi tusiandike "kunasa hewa ukaa" kwenye hotuba kana kwamba ni kuongeza chumba cha nyuma. Kazi ya kunasa yenyewe inakula kiasi cha sehemu ya tano ya umeme wa mtambo. Na hapa hatuna visima vya petroli vya kutununulia ile hewa.

Kuna atakayesema Wazungu walichoma wakatajirika, leo sisi tunahubiriwa. Nakubaliana naye zaidi ya anavyodhani. Mtambo wa MW 300 ungetoa takriban tani milioni 2 za hewa ukaa kwa mwaka, tone katika bahari ya dunia, na mwenye haki ya kutukemea kwa hilo simjui. Ila benki hazikopeshi kwa haki. Benki ya Dunia ilijitoa kwenye mitambo ya makaa, isipokuwa kwa nadra sana, tangu 2013. Septemba 2021 Rais Xi Jinping alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi, na China ndiyo iliyokuwa mlango wetu, kuanzia Kiwira, waliyotujengea wao na kutukabidhi mwaka 1988 pamoja na mtambo wake mdogo wa MW 6. Anayebaki kukopesha atakopesha ghali. Kwa mtambo unaolipwa kwa miaka 25, riba ikipanda kidogo tu inaifuta faida yote ya makaa kuwa karibu na nyumbani.

Basi motisha ipi ningeipendekeza? Kwanza ningeacha kuhesabu umeme kuwa ndiyo matumizi pekee ya heshima. Makaa ya Kiwira yanatengenezewa mkaa mbadala na shirika la madini la taifa, STAMICO, ule wa Rafiki, na tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zizuiwe kupikia kuni na mkaa wa miti mwaka 2024, shule na magereza ni soko halisi. Una jiko la shule, unalijua hilo kuliko mimi, ila hakikisheni jiko lina bomba la moshi, kwa sababu salfa kidogo ndani ya jiko lisilopumua si kidogo tena. Viwanda vya saruji, chai na nguo vina boila zinazoweza kuhimizwa kwa msamaha wa kodi kwenye mifuko ya kuchuja vumbi na kwenye boila za kitanda, badala ya kupewa msamaha kwenye makaa yenyewe. Ukisamehe kodi ya makaa, mtu anachoma zaidi. Ukisamehe kodi ya kichujio, anachoma vizuri zaidi. Ningeutaka pia mgodi uoshe makaa na uuze kwa daraja la ubora lililopimwa na maabara isiyo ya muuzaji, maana hilo lingemaliza nusu ya ugomvi wa 2016.

Na yale yanayopanda meli Mtwara? Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha makaa ya Afrika Kusini kupita dola 300 kwa tani, wanunuzi walikuja mpaka Ruvuma na malori yakajaa barabara ya Tunduru. Bei ile ikishashuka, umbali wa kutoka Ngaka hadi bahari unaanza kula faida. Sioni ubaya wa kuuza bei inapokuwa nzuri. Ninachokiona ni vumbi kwenye madirisha ya madarasa yako. Dawa yake inauzwa dukani, ni turubai linalofunga lori lote mpaka kwenye kingo za bodi, na mahali pa kuosha matairi kabla ya kutoka mgodini. Hayo hayasubiri mkopo wala bunge. Mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Vijana wahesabu malori kwa wiki moja, mangapi yamefunikwa na mangapi hayakufunikwa, na waambatanishe jedwali lao.